Regulata ya Barafu kwa Mto wa Vuguvugu

Lubutu, katika mkoa wa Maniema mashariki mwa Kongo, iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Maji ya mito ya upande ule, Oso na Lowa, ni ya vuguvugu mwaka mzima, na mvua inaponyesha hubeba udongo wa nyanda za juu za Kivu mpaka Lualaba. Barafu watu wa huko wanaikuta kwenye kinywaji, tena siku ambayo jenereta ina mafuta. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini sura hii, inayohusu vifaa vya kupumulia vilivyoundwa kwa ajili ya maziwa ya Skandinavia na bahari ya Antaktika, inaanzia Maniema.

Inaanzia huko kwa sababu mashariki mwa Kongo wako watu wanaopumua chini ya maji kutafuta riziki, na wengi wao hawajawahi kuishika mkononi regulata, yaani kifaa cha kumpimia mzamiaji hewa. Kusini ya Lubutu, kwenye mto Ulindi katika Shabunda, homa ya dhahabu ya mwaka 2014 na 2015 ilileta draga za kila namna. Kubwa zilikuwa za kampuni ya Kun Hou Mining, ambazo shirika la Global Witness liliziandikia ripoti mwaka 2016. Ndogo zilikuwa za kienyeji: jukwaa la mbao linaloelea, pampu ya kunyonya, injini, na kompresa. Kwenye draga ya namna hiyo lazima mtu azame. Yeye ndiye anayelishika bomba na kulielekeza kwenye changarawe huku macho yake hayaoni hata kiganja chake. Hewa yake inamfikia kwa mpira mwembamba kutoka kompresa iliyo juu.

Hebu tuufikirie mpira huo. Hewa inatoka muda wote, mtu avute asivute. Kinachopita mdomoni anakitumia, kinachobaki kinapotea kwa mapovu. Hakuna kinachopima kina. Akishuka mita 10, shinikizo linalomzunguka linakuwa mara mbili ya lile la juu, na kompresa haijui habari hiyo; inaendelea kusukuma kama mwenye nayo alivyoiwasha asubuhi. Injini ikizimika, mpira ukikunjwa na gogo, au ukingo wa mchanga ukimwangukia, alichobaki nacho ni pumzi iliyo mapafuni. Na akikurupuka kwenda juu akiwa ameibana pumzi hiyo, hewa itapanuka kifuani kadiri maji yanavyopungua juu yake. Mapafu yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita chache tu.

Chombo cha kuondoa matatizo hayo kilibuniwa zamani, na kilibuniwa na mtu wa machimbo. Benoît Rouquayrol alikuwa mhandisi wa migodi kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1860 alisajili kifaa cha kudhibiti hewa, na nia yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia waokoaji kuingia katika mashimo ya mgodi yaliyojaa gesi au maji. Miaka michache baadaye alishirikiana na ofisa wa jeshi la wanamaji, Auguste Denayrouze, wakakifanya cha kuzamia. Mwandishi Jules Verne aliwataja wote wawili katika riwaya yake ya safari za chini ya bahari, na mabaharia wake wa kubuni walikivaa. Siri yake ilikuwa kiwambo cha mpira: mtu anapovuta pumzi, kiwambo kinanyonywa ndani, kinasukuma vali, na hewa inaingia kwa shinikizo lilelile la maji yanayomzunguka. Asipovuta, haitoki. Zaidi ya miaka 160 imepita, na mchimbaji wa dhahabu katika mto wa Kongo bado anapumua kwa namna ambayo mhandisi wa migodi alikwisha kuiona haifai.

Kifaa cha Rouquayrol kilisahaulika kwa muda mrefu, kikarudi kwa njia ya jikoni, au tuseme ya gereji. Wakati wa vita vya pili vya dunia Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani haikuwa na petroli ya kutosha, na magari mengi yalikuwa yakiendeshwa kwa gesi. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide jijini Paris, alikuwa ameunda vali ya kuipimia injini gesi kulingana na mahitaji yake. Desemba 1942 ofisa wa wanamaji Jacques-Yves Cousteau alimwendea kutafuta kitu cha kumpimia mtu hewa. Jaribio la kwanza katika mto Marne, mwanzoni mwa 1943, liliwatia hofu: Cousteau akisimama wima hewa inamwagika, akigeuka kichwa chini inakuwa ngumu kuvuta. Kosa lilikuwa mahali pa kutolea pumzi, palipokuwa juu zaidi ya kiwambo. Wakapasogeza vikawa usawa mmoja, na tatizo likaisha. Regulata zote za leo ni wajukuu wa marekebisho hayo.

Regulata ya mzamiaji ina sehemu mbili. Ya kwanza inakaa kwenye mtungi na kuishusha hewa kutoka baa 200 au zaidi hadi kama baa 10 juu ya shinikizo la maji. Ya pili ndiyo inayong'atwa kwa meno, na inamalizia kazi hiyo kwa kila pumzi. Mwenye jiko la gesi nyumbani anaifahamu hatua ya kwanza bila kujua. Ile regulata ya juu ya mtungi inafanya kazi hiyohiyo, ingawa kwa shinikizo dogo zaidi. Ikiwa amewahi kupika pilau la harusi kwa majiko makubwa, akaugusa mtungi akakuta umekuwa wa baridi na umetoka jasho, ameshakaribia jambo linalowasumbua wazamiaji wa kaskazini, ijapokuwa ndani ya mtungi wake chanzo ni gesi iliyo katika hali ya kimiminiko inayogeuka kuwa mvuke.

Kwa hewa, sababu ni hii. Gesi inayotoka kwenye shinikizo kubwa na kupanuka ghafla hupoa. James Joule na William Thomson waliipima tabia hiyo katika miaka ya 1850. Hewa hupoteza takriban moja ya tano ya digrii kwa kila baa inayoshuka. Ukiishusha kutoka baa 200 hadi 10, unaipoza kwa digrii zinazokaribia 40. Katika maji ya Zanzibar yenye nyuzi 27 hilo si kitu, kwa sababu bahari inaipasha joto regulata papo hapo. Lakini katika ziwa lenye nyuzi 4, hewa iliyo ndani ya chuma inakuwa chini ya sifuri kwa nyuzi 30 na ushei, na maji yaliyoigusa hatua ya kwanza yanaanza kuganda juu yake. Maziwa ya maji yasiyo na chumvi ndiyo mabaya zaidi, maana maji hayo huganda kwenye sifuri wakati bahari inangoja mpaka karibu nyuzi 2 chini yake.

Barafu hiyo ikiingia mahali ambapo sehemu za kuchezacheza zinakutana na maji, zinakwama zikiwa wazi. Hatua ya kwanza haifungi tena. Shinikizo la katikati linapanda, na hatua ya pili inazidiwa, inaanza kumwaga hewa kwa kishindo. Kelele na mapovu vinaweza kumchanganya mtu akili hata kabla ya kiu ya hewa. Mtungi ambao ungekaa saa nzima unaisha kwa dakika chache. Jambo la ajabu ni kwamba kadiri hewa inavyomwagika ndivyo baridi inavyozidi, na barafu inazidi kukaza. Kuna pia kuganda kwa hatua ya pili, kunakotokana na unyevu wa pumzi ya mtu mwenyewe: pumzi yake ya joto inakutana na chuma au plastiki ya baridi, matone yanaganda kwenye mkono wa vali.

Basi mnunuzi wa maji ya baridi anaulizwa swali moja kabla ya mengine yote: maji yanagusa wapi? Kwa hilo regulata zimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa pistoni unatumia pistoni ya chuma inayoteleza ndani ya silinda, na upande mmoja wa pistoni hiyo pamoja na springi yake umeachwa wazi kwa maji ili uhisi kina. Ni muundo mzuri, wenye sehemu chache, unaopitisha hewa nyingi. Lakini ni mlango wazi. Ukoo wa kiwambo unaweka utando wa mpira kati ya maji na vali, hivyo vali haiguswi. Springi peke yake ndiyo inayobaki nje. Na hapo wahandisi wakaongeza utando wa pili, wa nje, ukaifunika hata springi. Shinikizo la maji linasukuma utando wa nje, huo unasukuma kidude kilicho katikati au kimiminiko kisichoganda, nacho kinasukuma utando wa ndani. Maji hayaingii popote. Hiyo ndiyo regulata ya kiwambo iliyozibwa, na ndiyo inayopendwa na wazamiaji wa kiufundi wa nchi za baridi. Apeks ya Uingereza ilijijengea jina kwa muundo huo. Scubapro, wanaojulikana kwa pistoni zao, nao wana MK17 ya namna hiyo.

Hata hivyo sitaki msomaji aamini kwamba pistoni ni ya kutupwa. Kwa miaka mingi watafiti wa Marekani katika kituo cha McMurdo, Antaktika, wamezamia chini ya barafu kwenye maji ya nyuzi 1.8 chini ya sifuri wakitumia Sherwood Maximus, ambayo ni ya pistoni. Ujanja wake ni kwamba inaachia kijito kidogo cha hewa kupita ndani ya chumba cha pistoni, na hewa hiyo inayazuia maji kuingia. Anayeitazama kwa mara ya kwanza anadhani inavuja. Watu wa McMurdo wana kanuni pia ambazo hazinunuliwi dukani: regulata inakaa mahali penye joto mpaka dakika ya kuzama, hairuhusiwi kuvutwa hewani kabla ya kuwa chini ya maji, na kila mtu ana regulata mbili zinazojitegemea kwenye mtungi wenye vali mbili.

Hapa ndipo neno kiufundi linapopata maana yake. Mzamiaji wa kawaida, mambo yakiharibika, anapanda juu. Wa kiufundi hawezi: ama kuna paa la pango au la meli juu yake, ama mwili wake umeshiba nitrojeni kiasi kwamba akipanda moja kwa moja damu itatoa mapovu. Septemba 1995 Terrence Tysall na Mike Zlatos waliifikia meli ya Edmund Fitzgerald, iliyozama katika Ziwa Superior Novemba 1975, kwenye kina kinachozidi mita 150 na maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mtu wa namna hiyo analazimika kuutatua mkwamo akiwa kulekule chini. Ndiyo maana anabeba mitungi miwili iliyounganishwa, kila mmoja na vali yake na regulata yake, na vali ya tatu katikati ya kuitenganisha. Moja ikianza kumwaga, anaifunga, anahamia ya pili, anasubiri barafu iyeyuke. Regulata anayopumua ina mpira mrefu wa mita 2 na zaidi, desturi iliyotoka kwa wazamiaji wa mapango ya Florida, ili mwenzake aliyeishiwa apewe bila kubanana. Ya akiba inaning'inia shingoni chini ya kidevu.

Katika kuchagua vifaa hivyo mambo mengine yanapita haraka. Iwe ile iliyosawazishwa, ambayo kuivuta hakubadiliki mtungi unapokaribia kwisha. Kifungio chake kiwe cha DIN, kinachoingia kwa skurubu ndani ya vali, badala ya kile cha kubana kwa juu, kwa sababu kikigongwa na mwamba au nguzo ya meli hakitoki mahali pake. Hatua ya pili ya chuma hupata joto la maji upesi kuliko ya plastiki, na joto hilo, hata la nyuzi 4, linasaidia. Na anayenunua ya mtumba asome maandishi yaliyochongwa juu yake: kwa kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 250, maji ya baridi ni yale yaliyo chini ya nyuzi 10, na regulata ambayo haikuidhinishwa kwa maji hayo hutiwa alama ya ">10°C". Wauzaji wa mtandaoni hawana haraka ya kuipiga picha alama hiyo.

Sasa turudi kwetu. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo nzima ni vigumu kuyapata maji ya kuigandisha regulata. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na hata huko chini kabisa maji yake yana kama nyuzi 23. Kivu ni la ajabu zaidi: katika tabaka zake za chini, kadiri unavyoshuka, joto linaongezeka badala ya kupungua. Vimebaki viziwa vya milima mirefu kama Ruwenzori, huko juu kwenye mita kama 4,000, na sijui mwenye shughuli ya kumpeleka mtu na mitungi yake huko. Kwa hesabu ya nyuzi peke yake, mzamiaji wa Lubutu angenunua regulata ya bei ndogo kuliko zote na kulala usingizi.

Lakini utando ule wa nje uliowekwa kuzuia barafu hauulizi kinachogonga ni nini. Unazuia maji, na kwa hiyo unazuia kila kilichomo ndani ya maji. Katika mto Lowa kilichomo ni udongo laini, mchanga wenye ncha, majani yaliyooza. Pistoni iliyo wazi inautafuna mchanga huo kila mtu anapovuta pumzi. Mpira wa kuziba unakwaruzwa, chuma kinachimbika, na mwishowe vali haifungi vizuri. Matokeo ni yaleyale ya ziwa la Skandinavia: shinikizo la katikati linapanda, hatua ya pili inamwaga hewa. Tofauti ni kwamba barafu ikiyeyuka kifaa kinapona, wakati mchanga unabaki. Kwa sababu hiyo regulata ya kiwambo iliyozibwa, iliyobuniwa kwa ajili ya baridi, ndiyo iliyo sahihi kwa mto wa tope wa ikweta. Watengenezaji wanaitangaza kwa picha za theluji, na mnunuzi wa kwetu anaipita akidhani haimhusu.

Kina nacho kina neno lake, hata palipo na joto. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililombeba mama na binti yake liliteleza kutoka feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Lilipatikana kwenye kina cha karibu mita 58, likatolewa tarehe 11 Oktoba baada ya kazi ya wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Kenya na wengine walioletwa kutoka nje. Taifa zima lilikuwa likiuliza mbona wanachelewa. Jibu sehemu yake liko kwenye hesabu: katika mita 58 shinikizo ni karibu baa 7, na kila pumzi inameza hewa karibu mara saba ya ile ya juu. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa ufukweni anatumia zaidi ya lita 130 huko chini. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 unamtosha dakika 17, bila akiba na bila muda wa kupanda polepole. Ongeza giza, mkondo wa maji, na nitrojeni inayolevya. Regulata dhaifu mahali hapo haitamuua mtu kwa kuganda. Itamchosha kwa kumnyima hewa ya kutosha katika pumzi nzito, naye atapumua haraka zaidi, na hesabu itazidi kuharibika.

Mwaka 2024, tarehe 3 Oktoba, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka katika Ziwa Kivu ikikaribia gati la Kituku, Goma. Watu wengi hawakupatikana. Ajali kama hizo ndizo zinazonifanya nione kwamba mazungumzo ya regulata za kiufundi si anasa ya watalii. Mikoa yenye maziwa na mito inayobeba abiria kila siku inahitaji vikosi vya wazamiaji walio karibu, wenye vifaa vya kufanyia kazi kwenye tope na giza, badala ya kusubiri wageni.

Sasa chukua mtu aliye Lubutu kwenyewe, labda mwenye draga aliyepata fedha kidogo na dhamiri. Aelekee wapi? Wataalamu wa kaskazini watamwambia anunue ya kiwambo iliyozibwa, basi. Mimi nakubaliana nao, lakini kuna jambo ambalo wao hawalihesabu kwa sababu kwao fundi yuko mtaa wa pili. Regulata inatakiwa kufunguliwa na kubadilishwa vipande vyake kila mwaka au kila miaka miwili, na katika mto wa tope mapema zaidi. Kutoka Lubutu hadi Kisangani ni karibu kilomita 250 kwa barabara namba 3 ya taifa, ambayo masika yake yanajulikana. Na hata Kisangani usitegemee kumkuta fundi wa Apeks. Regulata ya kiwambo ina vipande vingi kuliko pistoni ya kawaida isiyosawazishwa, ile rahisi kuliko zote. Pistoni hiyo fundi mwenye akili anaweza kuifungua juu ya meza, akabadilisha mipira miwili mitatu, akairudisha. Kwa hiyo uamuzi una pande mbili za kweli: moja inaishi zaidi kwenye tope, nyingine inafufuka kwa urahisi zaidi.

Nikilazimika kuchagua, nachagua ya kiwambo iliyozibwa, ya muundo wa zamani unaoendelea kutengenezewa vipuri, inunuliwe pamoja na seti mbili za mipira ya kuziba na kijitabu chake cha matengenezo. Vipuri ni vidogo, vinaingia mfukoni, na havigombaniwi na mtu barabarani. Regulata mpya kabisa yenye sifa kuliko zote dukani, ambayo vipande vyake vinatolewa kwa mafundi waliosajiliwa tu, ni pambo kwa mtu wa Maniema. Na hatua ya pili, ambayo kwa aina zote iko wazi kwa maji, ioshwe kila jioni kwa maji safi ya kisima, hasa ile vali ndogo ya mpira inayotolea pumzi. Punje moja ya mchanga ikikwama hapo, mtu anakunywa mto kila anapovuta.

Hilo lote halina faida kama hewa yenyewe ni chafu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nadhani hatari kubwa ya draga ilipo. Kompresa za kupakia rangi au kujazia matairi zinalainishwa kwa mafuta, na sehemu ya mafuta hayo inashuka na hewa mpaka mapafuni. Baya zaidi ni moshi. Injini na kompresa zinakaa jukwaa moja, hatua mbili tatu kutoka kwenye sehemu ya kuvutia hewa. Upepo ukigeuka, kompresa inavuta moshi wa injini na kumshushia aliye chini. Kaboni monoksidi iliyomo haina harufu, na inaishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara mia mbili na zaidi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kulegea, mambo ambayo kijana aliyeshinda mtoni atayaita uchovu. Akipoteza fahamu mita nane chini ya maji, watakaomtoa watasema amezama, au wataanza kumtafuta mchawi.

Mzamiaji wa ziwa lililoganda na wa mto Lowa wote wawili wanatakiwa kuwa na chanzo cha pili cha hewa. Wa kwanza ana mtungi wa pili na vali ya kuufungia wa kwanza. Wa pili anaweza kupewa mtungi mdogo wa lita mbili au tatu ubavuni, wenye regulata yake, usioguswa mpaka injini inyamaze. Mtungi wa lita tatu wenye baa 200 una lita 600. Katika mita 10, hata akipumua kwa hofu lita 40 kwa kipimo cha juu, ana zaidi ya dakika saba za kujinasua na kupanda taratibu huku akitoa pumzi. Hakuna draga inayochimba dhahabu ambayo haiwezi kuinunua akiba hiyo.

Mwenye draga anayesoma haya, au anayesomewa, kabla hujatuma mtu Kisangani au Kampala kununua chochote, fanya leo jambo lisilo na gharama: funga bomba refu kwenye mdomo wa kompresa wa kuvutia hewa, lisimamishe juu upande unakotoka upepo, mbali na ekzosi, na mweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuangalia mpira wa hewa tu. Fedha ikipatikana, nunua mtungi wa akiba kwanza. Regulata iliyozibwa ifuate.